Majambia Tisa na Mafiga Matatu

Mwenye njaa huona mchele. Mwenye akili humuona mwenye mchele. Mahfoudh bin Zahor, Alkhamisi ile, alikuwa na njaa na akili kwa pamoja, ndiyo maana kwenye mstari wa maskini wa Matrah aliona kitu ambacho hapana mwengine aliyekiona. Aliona saa ya dhahabu.

Saa ilikuwa kwenye mkono wa bwana mmoja mnene, kanzu imemchanika begani, anatoka uani na kigunia cha mchele kichwani. Alipounyanyua mkono kukishika kigunia, nguo ikateremka mpaka kwenye kiko cha mkono, na jua la asubuhi likaipiga ile saa, ikameta kama jino la bi harusi.

"Maskini wa saa ya vijiwe kumi na saba," alisema Mahfoudh kimoyomoyo, maana vijiwe vya saa ile alivihesabu kwa mbali. "Huyu ni riziki yangu."

Ilikuwa Disemba ya mwaka sabini. Idi imepita, halwa imekwisha, na soko la Matrah limelala chali. Tende zimeanguka bei, wanunuzi wamekimbilia Dubai na Kuwait, na kila meli inayotia nanga inashusha watu kuliko mizigo. Waomani wa Unguja, wa Pemba, wa Mombasa, wamesikia milango ya Oman imefunguliwa, wamekuja na masanduku ya bati na vyeti vya skuli, wakakuta kazi yenyewe bado haijafika. Iko njiani, inshallah.

Wafanyabiashara wakaona haya, wakaunda Kamati ya Posho. Kila Alkhamisi, kwenye ua wa ghala moja karibu na pwani, mtu asiye na kazi anapewa pishi nne za mchele, kikanda cha tende na kipande cha papa mkavu. Sharti moja tu: ale yamini mbele ya karani kwamba hana kazi wala duka. Hapo karani humfunga uzi wa kijani kwenye kishada cha kanzu, pale shingoni, na fundo hilo, na nambari yake daftarini, ndilo cheti chake.

Jambo jema. Lakini asali ikiachwa wazi, haichagui nzi. Haujamalizika mwezi, mafundo ya kijani yakaanza kuota shingoni mwa watu ambao hata mbwa wao wanakula mara mbili. Wenye maduka wakawa wanakula posho, na wenye njaa wakawa wanakula foleni.

"Mchele umekwisha tena!" Ukelele ule ulikuwa wa Bi Masouda, mfuko wake mtupu umening'inia mkononi kama ulimi wa mbuzi. "Wiki ya tatu leo, karani! Mume wangu Amur kifua kinambana, cherehani yake imebaki Unguja, hapa anashona hewa. Na hawa wanaoondoka na magunia nnawajua! Mmoja juzi kaniuzia leso!"

"Una shahidi, bibi?" aliuliza karani Aflah.

"Shahidi wangu njaa."

"Njaa haitii saini, bibi."

Mstari mzima ukanguruma. Mzee mmoja alisema posho hii bora waitie baharini, angalau samaki hawana maduka. Karani Aflah hakutikisika. Alikuwa mtu wa haki, tena wa haki tupu, ila miwani yake aliinunua kwenye mirathi ya marehemu mmoja wa Mombasa, na macho ya marehemu hayakuwa saizi yake. Alikuwa hajui sura za watu. Alijua majina, mashahidi na utaratibu, basi.

Na utaratibu aliupenda kuliko chakula. Kabla ya mchele kugawiwa, ilikuwa lazima kwanza vitangazwe vitu vilivyookotwa mjini. Hutandikwa mkeka katikati ya ua, kitu kikawekwa juu yake, na mwenye kitu anasimama mbele ya umma, anataja jina lake, jina la baba yake, kazi yake na duka lake lilipo, kisha anataja alama ya kitu chake. Siku hiyo palikuwa na birika la shaba. Mtu alisimama, akajitaja mpaka babu wa saba, akapewa birika lake. Mahfoudh aliyatazama hayo yote akapiga miayo. Laiti angalijua, asingepiga.

Basi huyu Mahfoudh ni nani? Ni kijana wa Unguja, miaka thalathini na nne, aliyesoma sheria Misri mpaka mwaka wa pili, akaacha walipofika kwenye mlango wa adhabu. Alikuwa na suti moja nyeupe, mkoba mmoja wa ngozi usio na kitu ndani, na mikono laini kama ya mtoto mchanga. Chumba alipangishwa na huyo huyo Bi Masouda, uani kwake nyuma ya soko, na kodi alikuwa akilipa kwa khadithi za Misri. Nia yake ilikuwa moja: Dubai. Matrah aliiona kama chumba cha kungojea.

Na kwa hesabu ya haki, mjini mzima hapana aliyestahiki fundo la kijani kuliko yeye. Kazi hana, duka hana, chakula hana. Lakini kusimama foleni? Mahfoudh? Astaghfirullah.

*

Alasiri ile ile alimkuta bwana wa saa dukani kwake, amekaa juu ya majora ya vitambaa, kanzu nyeupe, kilemba cha kashmiri, na kiunoni jambia la fedha lililomkaa juu ya tumbo kama mwezi mchanga juu ya kilima. Jina lake Marhoon bin Khalfan. Alipata kuishi Unguja miaka ishirini, na Kiswahili chake kilikuwa kimenona kama yeye mwenyewe.

"Karibu, karibu. Suti yako imechoka, bwana. Nikupimie kitambaa?"

"Nimekuja kwa ajili ya nguo yako wewe, ami," alisema Mahfoudh, akakaa bila kukaribishwa. "Ile ya asubuhi. Umaskini wako umeshonwa vibaya."

Marhoon alimeza mate. "Umaskini gani?"

"Ule wa pishi nne. Kanzu umeichana begani kwa mkasi, imekatika kwa mstari kama imepimwa na rula. Umaskini hauchani hivyo, ami. Umaskini unaanza kula kwenye pindo na kwenye kiko. Halafu saa! Yakhe, saa! Umetoka nyumbani unakwenda kuomba, umevaa duka zima mkononi!"

"Wewe ni mtu wa Kamati?"

"Ningekuwa wa Kamati ningekuja na askari. Mimi ni daktari. Nnatibu utajiri usioweza kujificha."

Marhoon akachungulia njiani, akashusha sauti. "Sikiliza, kijana. Mimi pia nnachangia ile Kamati! Kila mwezi natoa gunia zima."

"Na kila mwezi unarudisha mangapi?"

"Mawili. Lakini soko limelala! Mwenye duka tupu na asiye na duka, nani hana kazi zaidi? Yeye amekaa bure kwake, mimi nimekaa bure na kodi nnalipa!"

"Umesema kweli tupu," alisema Mahfoudh kwa huzuni kubwa, akashika kifua. "Hakuna anayewaonea huruma matajiri nchi hii. Wenzako wangapi wanaumwa maradhi haya?"

Walikuwa wanane. Ukimtia Marhoon, tisa.

Dawa ilikuwa hivi. Mtu mzima wa Matrah hawezi kutoka kwake asubuhi na kanzu mbovu, mke atauliza, na jirani atamuuliza mke. Basi bwana atoke kwake kama kawaida: kilemba, jambia, bakora, uturi. Apite kwa Mahfoudh nyuma ya soko, avuliwe utajiri, avishwe umaskini ulioshonwa na fundi, aende foleni, apokee, arudi, avae utajiri wake, aende zake. Malipo ni robo ya posho.

"Na majambia yetu?" aliuliza Marhoon. Jambia lake lilikuwa la babu yake, na Muomani akivuliwa jambia la babu yake hujiona uchi hata akiwa na majoho matatu.

"Yanabaki kwangu, juu ya msala safi. Kwani utakwenda kuomba mchele na ratili ya fedha kiunoni? Nikupe na ngamia?"

Uzi wa kijani wa kufungia mafundo tisa, Mahfoudh aliununua hapo hapo dukani. Marhoon alimtoza bei ya mgeni.

*

Nguo mbovu alizitengeneza Bi Masouda, na hakuambiwa za nini. Mahfoudh alimwambia kuna watu wanacheza mchezo wa kuigiza wa maisha ya masahaba.

"Tisa wote masahaba maskini?" aliuliza Bi Masouda, huku akiipaka kanzu majivu.

"Walikuwa na subra, dada."

"Na malipo yangu?"

"Nitakulipa kwa mchele."

Bi Masouda hakuuliza tena. Alichana mapindo, akatoboa viko, akachovya vishada kwenye chai. Kazi safi. Mumewe Amur, pale alipolala akikohoa, alinyanyua kichwa akaitazama moja. "Hii ukiivaa mpaka mfukoni unasikia njaa," alisema. Hiyo ndiyo sifa kubwa kabisa fundi anayoweza kumpa fundi.

Alkhamisi ya kwanza mabwana tisa waliingia uani kama harusi, wakatoka kama msiba. Walirudi na mchele, wakavaa majambia yao, yote tisa, hata moja halikupungua fedha. Alkhamisi ya pili vivyo hivyo. Mahfoudh aliwapangusia majambia kwa kitambaa cha hariri. Marhoon akaapa kwamba tangu mama yake afe hajapata kumuamini mtu namna hii.

Na Mahfoudh akacheka ndani kwa ndani, kwani robo ya mchele ilikuwa biashara ndogo tu. Mchele ni chambo. Samaki ni majambia tisa: mashikio ya pembe, ala za fedha, mikanda ya zari. Matrah huwezi kuyauza, kila sonara analijua jambia la kila mtu kama mkunga anavyowajua watoto aliowazalisha. Lakini Dubai? Dubai hapana anayeuliza jambia babu yake nani.

Alichokosa kukiona ni kimoja. Alkhamisi ile ya pili, Bi Masouda alisimama tena kwenye mstari, upande wa wanawake, na mfuko wake. Akanyanyua macho, akaiona kanzu. Akaona na ya pili. Kiko alichokitoboa kwa mkono wake, kishada alichokichovya kwenye chai yake, kimefungwa kijani, ndani yake amekaa mtu mwenye videvu viwili. Wakapita tisa, wakabeba. Alipofika yeye, karani akafunika mizani.

"Umekwisha, bibi."

Bi Masouda hakupiga ukelele. Mstari wote ukageuka kumtazama, maana walizoea. Alikunja mfuko wake mara nne, akaubana kwapani, akaondoka. Mtu anayemjua vizuri angeogopa. Mahfoudh jioni ile alimkuta anachochea moto kwenye mafiga matatu, chungu ndani yake maji matupu, akamwambia mchele wa malipo yake bado uko njiani, inshallah.

"Hapana neno, kaka," alisema Bi Masouda. "Mimi nina subra ya masahaba."

*

Alkhamisi ya tatu, jogoo hajamaliza maneno yake, mabwana tisa walishavuliwa na kuvishwa na kuondoka. Mahfoudh alibaki peke yake na msala. Akayafunga majambia kwenye kitambaa, akayatia kwenye kanda la tende, akafunika juu kwa tende halisi. Lanchi ya Dubai inaondoka kabla ya adhuhuri. Nafasi ameshaiweka.

Bi Masouda alisimama mlangoni na birika. "Unasafiri, Bwana Mahfoudh?"

"Nnakwenda Sohar mara moja, kuna jamaa. Nimemchukulia tende."

"Tende unazipeleka Sohar, kwenye mitende?" Alisema polepole, kama mtu anayeonja chumvi. "Basi hiyo suti vua."

"Kwa nini?"

"Kwani hukusikia? Forodhani siku hizi mwenye suti anapekuliwa mpaka soksi. Wanasema wanatafuta magendo. Jana wamemvua mtu viatu, wakamfungulia na sabuni. Lakini maskini mwenye kanda la tende, nani ana habari naye? Tena ukirudi utaikuta suti yako imepigwa pasi."

Mahfoudh alimtazama yule mwanamke kwa huruma na mapenzi. Mtu anamuibia, na bado yeye ndiye anayemfundisha njia ya kupitia! Wako watu, alijisemea, wameumbwa wawe ngazi za wenzao.

"Una nguo ya kunipa?"

"Ipo kanzu ya Amur. Ile yake ya foleni. Yeye leo hawezi kunyanyuka."

Akaingia nyuma ya pazia kuvua. Suruali ya Misri ina vifungo vingi, na huyu alikuwa mtu wa kukunja nguo vizuri. Alipotoka, kanda lilikuwa pale pale, tende juu, zito vile vile. Mtungi wa maji ulikuwa pale pale. Jikoni tu ndiko kulikokuwa na mabadiliko, lakini mwanamme gani anayetazama jikoni?

"Kishada chako kimekaa upande," alisema Bi Masouda, akamuweka sawa fundo la kijani shingoni kama mama anayempeleka mtoto chuoni. "Haya. Mungu akupe unachostahiki."

"Amin, dada, amin!"

*

Njia ya kwendea pwani inapita mbele ya ua wa ghala. Mtu mwenye busara angepita. Lakini msanii, amefanya kazi yake, asikae dakika mbili kuitazama? Mahfoudh alisimama kwenye mlango wa ua na kanda lake begani, akatabasamu. Wale pale, maskini wake tisa, wamejipanga. Marhoon alikuwa na unyonge mzuri sana siku hiyo, mpaka ameinamisha shingo.

Lakini ua ulikuwa na watu kuliko siku zote. Nje limesimama lori, na ubavuni mwa karani Aflah amesimama mukadamu mmoja, msimamizi wa vibarua, mwenye mabega kama mlango.

"Utaratibu!" alisema karani. "Kwanza vitu vilivyookotwa."

Mkeka ukatandikwa. Bi Masouda akatoka upande wa wanawake. Sijui alipita njia gani akawahi, lakini wanawake wa Matrah wana njia zao baina ya nyua ambazo hata paka wanaomba ruhusa.

"Karani, nimeokota mzigo nyumbani kwangu. Si wangu na mwenyewe simuoni." Akafungua kitambaa.

Majambia tisa yakalala kwenye jua.

Ua wote ukasogea mpaka ukingo wa mkeka. Mahfoudh aliyahesabu kwa mbali, yakatimia. Akalishusha kanda begani, akatia mkono chini ya tende, akagusa kitu baridi, kigumu, chenye masizi. Akagusa cha pili. Cha tatu hakuwa na haja ya kukigusa. Yalikuwa mafiga.

"Wenye mali wasimame," alisema Aflah, "wataje jina, baba, kazi na duka lilipo, na alama ya jambia. Asiyesimama leo, mali inauzwa na kutiwa kwenye mchele wa Kamati."

Watu wakatazamana. Nyuso tisa kwenye mstari zilikuwa zinabadilika rangi kwa zamu. Akisimama, si maskini. Akikaa, jambia la babu linageuka pishi za mchele. Mimi nakwambia, kuna mitihani duniani, lakini huu ulikuwa wa kitabu kingine.

"La kwanza," alisema karani, akalinyanyua. "Shikio la pembe, pete saba za fedha. Moja... Mbili..."

"La babu yangu!" Sauti ilimponyoka Marhoon kama mtoto. Akatoka kwenye mstari.

"Jina?"

"Marhoon bin Khalfan."

"Kazi?"

Marhoon akatazama mchele. Akatazama jambia. Midomo ikacheza.

"Kazi, bwana! Umma unangoja."

"...Vitambaa."

"Sema watu wasikie."

"Vitambaa! Duka la pili kutoka kona, kuna mlango wa buluu!"

Ua ukalipuka. "Ndiye aliyeniuzia leso!" alipiga ukelele Bi Masouda. "Shahidi huyo hapo, karani! Amejishuhudia mwenyewe!" Wakasimama na wengine, mmoja mmoja, wa mbao, wa viungo, wa taa, kila mmoja amevaa matambara na anajitaja utajiri kwa machozi. Yule mzee wa samaki alicheka mpaka akakaa chini. Kanzu tisa zilikatwa mafundo ya kijani kwa mkasi, na mkasi wenyewe aliushika Bi Masouda.

"Nani aliyewavisha haya?" aliuliza Aflah.

"Mahfoudh!" walisema tisa kwa pamoja. "Mwenye suti nyeupe! Wallahi tukimpata!" Na majambia yalikuwa yamesharudi viunoni.

Mahfoudh alikuwa ameshageuka ili atoke, akakuta mlango umezibwa na lori na watu wake. Kushoto majambia matano, kulia manne. Akafanya jambo ambalo tangu azaliwe hajalifanya. Aliingia kwenye mstari wa maskini, akainamisha kichwa. Wale tisa wakampita bila kumtazama, wakajipenyeza mlangoni kwenda kuitafuta suti nyeupe sokoni.

"Sasa la pili," alisema karani, akajipangusa miwani bila faida. "Kampuni inayovunja mawe ya gati mpya inataka wanaume thelathini wenye fundo la kijani, leo hii. Chakula huko huko. Ujira, kwa amri ya Kamati, unapokewa hapa na mke au mama kila Alkhamisi, ili usiishie kwenye karata. Nikikutaja, panda lori."

Watu wakashangilia. Majina yakaanza. Wakapanda wakiimba.

"Amur bin Seif!"

Hapana aliyepanda.

"Amur bin Seif, kifundo nambari ishirini na sita!"

"Yupo, karani," alisema Bi Masouda. "Mume wangu huyo hapo, amesimama na kanda. Ana haya, hapendi kusema mbele za watu."

Mahfoudh alinyanyua uso. Macho yao yakakutana. Yeye alikuwa na mwaka mzima na nusu wa sheria ya Misri kichwani, na hakuona pa kutokea. Akisema mimi si Amur, ataulizwa, wewe nani?

Karani akaukaribia uso wake mpaka pua zikagusana. "Ndiye huyu? Shahidi?"

Kwa mara ya kwanza tangu Kamati iundwe, mstari wote wa maskini ulikuwa na neno moja. Walikuwa wanamjua Mahfoudh, na Amur pia walikuwa wanamjua. "Ndiye!" walisema. "Amur huyo! Fundi Amur! Masikini, kakonda!" Mzee wa samaki akaongeza, "Tumekua naye!"

Mukadamu akamshika mkono, akakigeuza kiganja. "Laini sana."

"Atazoea," alisema Bi Masouda. Kisha akalichukua lile kanda mikononi mwa Mahfoudh, kwa upole. "Lete mafiga yangu, mume wangu. Nnataka kupika."

Siku hiyo mchele ulimfikia. Pishi nne, na karani akamtilia ya tano.

*

Kutoroka? Atoroke aende wapi? Forodhani wanatafutwa watu wa suti, sokoni wanazunguka tisa. Kwenye mlima wa mawe ndipo pahala peke yake katika nchi nzima ambapo hapana aliyekuwa akimtafuta. Mahfoudh alivunja mawe mwezi wa kwanza akilia, mwezi wa pili akinuna. Kila Alkhamisi Bi Masouda alituma mkate wa kumimina na salamu: cherehani ya mkono, ya mtumba lakini nzima, imebakia robo ya bei. Kisha imebakia kidogo. Kisha salamu zikaja zimefungwa ndani ya shati jipya lililoshonwa na Amur mwenyewe, mshono mmoja ulionyooka kuliko mwengine, na ndani ya mfuko wake mna kikaratasi: suti yako imepigwa pasi, njoo uichukue ukitaka, tupo.

Wale mabwana tisa nao hawakusalimika. Kamati iliwahukumu miezi mitatu ya kubeba posho mgongoni, kila Alkhamisi, mpaka kwenye mawe. Na ndivyo ikawa siku moja, jua limesimama utosini, Marhoon akapanda mlima akitweta na gunia lake, amepungua kidevu kimoja. Akaanza kuwapimia watu mmoja mmoja, mpaka akafika kwa jamaa mmoja mwenye ndevu, mweupe vumbi kama amezaliwa ndani ya unga, kanzu imeliwa pindo na kiko, viganja vimepasuka.

Marhoon alisita. Akamtazama kutoka juu mpaka chini, kwa jicho la mtu ambaye mambo haya aliwahi kuyasomea kwa gharama.

"Mashaallah," alisema, akamtilia mchele mpaka ukamwagika. "Nimeona wengi, ndugu yangu, lakini umaskini wako wewe umekaa sawasawa. Fundi wako nani?"

Mahfoudh aliinamisha uso, akakinga mfuko wa mchele.

"Bi Masouda," alisema.